Mama Alipewa Kazi ya Kupiga Yowe

Nikiwa mtoto nilikuwa siitiki ninapoitwa. Masikio yalikuwa mazima, ila akili ilikuwa na tabia ya kutoka na kwenda zake, na mimi nikabaki nimesimama katikati ya jaruba la mpunga na kikapu mkononi kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Kwetu Mahurunga, asubuhi za masika, ukungu unapanda kutoka mto Ruvuma unakuja kulala juu ya mpunga, na mtu aliye mbele yako kidogo tu unamwona kuanzia kiunoni kwenda juu. Nilipenda kuwatazama watu wakielea vile. Mama akiniita kutoka ukingoni mwa shamba, sauti yake ilinifikia, nikaiona nzuri, halafu nikaendelea kutazama. Ilibidi aite tena, na tena, mpaka jirani wa shamba la pili anisukume begani.

"Wee ntoto, hunsikii mamako?"

"Namsikia," nilijibu, na ulikuwa ukweli mtupu.

Nayaeleza haya mapema ili nisichekwe nitakaposema kwamba ni mimi, huyo huyo, niliyekuja kukabidhiwa mpango wa dharura wa kiwanda kizima.

Kiwanda chenyewe ni cha korosho, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kwenye ardhi ya mchanga mweupe inayorudisha jua machoni mwa mtu. Korosho hupikwa kwa mvuke, hubanguliwa, hukaushwa, kisha huletwa chumba cha kumenya. Humo wanawake wanakaa kwenye meza ndefu na kuondoa kile kiganda chembamba chekundu kwa kisu kidogo na kidole gumba. Yale maganda magumu ya nje hayatupwi. Yanarundikwa ghalani, nyuma ya jengo, na ndiyo chakula cha boila, tanuri linalotoa ule mvuke. Ganda la korosho lina mafuta, na mafuta yale hayana urafiki na mtu. Yakikugusa mkono, ngozi inababuka. Yakishika moto ukayamwagia maji, yanapanda juu ya maji na kwenda nayo kila yaendako, yakiwaka.

Mimi nilikuwa msimamizi wa chumba cha kumenya, na mama alikuwa mmoja wa wamenyaji. Baba alipofariki nilimleta mjini apumzike. Akapumzika kidogo, akachoka kupumzika, akanifuata kazini siku moja na kisu chake mwenyewe ndani ya kanga. Kiwandani aliniita "msimamizi" mbele ya wenzake, huku akikaza mgongo kama askari wa gwaride, nao wakacheka mpaka korosho zikawapukutika mapajani. Chumba kile kilikuwa na usingizi wake. Mchana mvuke uliingia kutoka upande wa pili, mazungumzo yakapungua, visu vikabaki vikinong'ona, na mara nyingi nilijikuta nimesimama dirishani nikiwatazama kama nilivyowatazama watu wa mpunga. Nilikuwa na furaha pale. Sikujua kama ni furaha, nilidhani ni uvivu.

Siku alipokuja mkaguzi wa usalama kazini, usingizi ule ulikatika. Alikuwa mwanamke mfupi wa ofisi ya serikali, mwenye sauti ya chini na viatu vya kutembelea mchangani. Alizunguka na meneja, mimi nikiwafuata. Akauliza moto ukizuka watu watatokea wapi. Meneja akaonyesha mlango wa mbele.

"Na ule wa nyuma?"

Ule wa nyuma ulikuwa na kufuli kubwa. Meneja alieleza habari za wizi, namna korosho zilizomenywa zinavyoweza kutoka kwenye pindo la kanga, na hakuwa anatunga. Mkaguzi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ufunguo unakaa na nani?"

"Ninao mimi."

"Sasa meneja, siku ya moto wewe uko zako Masasi, hawa kina mama watatokea wapi? Mfukoni mwako?"

Nilicheka, na sikujizuia vizuri. Mkaguzi hakucheka. Akamweleza taratibu kwamba jambo hili sheria imemwekea mwajiri: milango inayofunguka kutoka ndani, vifaa vya kuzimia, watu waliofundishwa kuvitumia, mtu wa huduma ya kwanza, na mpango unaofanyiwa mazoezi, maana uliobandikwa ukutani peke yake haujawahi kumtoa mtu ndani. Meneja akasema tunamwomba Mungu moto usitokee. "Tumwombe sote," mkaguzi akasema, "ila kufuli ni lako."

Meneja wetu hakuwa mtu mbaya, nataka lieleweke. Alikuwa mtu wa bara, mwembamba, mwenye wasiwasi na kila kitu: mvua, bei, umeme, wakubwa wake wa Dar es Salaam. Kwa kuwa niliwahi kupelekwa semina ya huduma ya kwanza na cheti kikatundikwa ofisini kwake, aliniita jioni ile akanikabidhi mpango. "Wewe ndiye mtaalamu wa haya mambo," alisema, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo.

"Nitaandika, bosi. Lakini kufuli siwezi kuliandikia kitu. Kufuli unaling'oa wewe."

"Tutaliangalia."

"Mama yangu anakaa jirani na mlango ule."

Akaniangalia, akarudi kwenye karatasi zake. Nilitoka nimekasirika, na nikikasirika mimi huwa natembea haraka na kusema peke yangu, hata walinzi wa getini wanajua kunipisha. Lakini siku iliyofuata fundi alikuja, kufuli likaondoka, likawekwa komeo linaloinuka kutoka ndani kwa mkono mmoja. Mlinzi akawekwa nje ya mlango. Meneja mwenyewe alilijaribu komeo, juu na chini, juu na chini, kama mtoto.

Vifaa vikanunuliwa: mitungi ya kuzimia moto, ndoo za mchanga zilizopakwa rangi nyekundu. Kikaja na king'ora, kikafungwa juu ya paa la boila kwa kuwa ndiko nyaya zilikokuwa. Tukakaa na wafanyakazi tukawaeleza. Ukisikia king'ora, weka kisu chini, toka kwa mlango wa nyuma, nenda uwanja wa mchanga ng'ambo ya mizani ya kupimia magunia, simama tuwahesabu. Kila mtu akasema ameelewa. Mama akaitikia kwa sauti kuliko wote.

Siku ya zoezi la kwanza nilisimama uwanjani na filimbi shingoni, meneja kando yangu. King'ora kikalia. Kilikuwa na sauti ndefu inayopanda na kushuka, na kwa muda hakukuwa na kitu kingine duniani, jua na mchanga na ile sauti tu. Halafu mlango wa nyuma ukafunguka. Mama alitoka wa kwanza, na ndoo ya maji ya kupigia deki.

"Jamani, kwa ntu wa boila!"

Akakunja kulia, kuelekea boila. Nyuma yake wakamiminika wote, huyu na dekio, yule na sufuria, mwingine na birika la chai ambalo bado lilikuwa na chai. Mlinzi wa mlango aliacha mlango akawafuata. Getini nako nikasikia vishindo: watu wa mtaa wa pili walikuwa wanaingia mbio, muuza chapati na mwiko wake, waendesha bodaboda, mzee mmoja na jembe. Mwendesha boila akatoka kuona kuna nini, akakuta kijiji kizima kinamjia, akainua mikono juu. Kwenye uwanja wa usalama tulikuwa salama watu wawili, mimi na meneja.

"Hawa watu hawafundishiki!" meneja alifoka.

Nami damu ikapanda. "Wamefundishwa, bosi. Wamefundishwa tangu wananyonya."

Nilisema hivyo kabla sijajua ninachosema, kisha nikakaa nikakumbuka. Kulikuwa na mwaka ambao jiko la jirani yetu Mahurunga lilishika moto, jiko la makuti. Likapigwa yowe. Mama alikuwa anapanga kupika. Alinyanyua kitu cha kwanza chenye maji, na kilikuwa ndoo aliyolowekea mihogo, akaenda kumwaga maji na mihogo yake vyote juu ya paa. Tulilala bila ugali na hakuna aliyeuliza. Na kulikuwa na siku kiboko alipoingia mpungani na mwanamke mmoja alikuwa ndani. Mama alipiga yowe, nalo likavuka mto. Watu wa upande wa Msumbiji, ambao wengine ni wajomba zetu na wengine hatuwajui, walikuja na mitumbwi wakipiga madebe. Kwetu yowe lina maana moja tu, njoo. Anayelisikia akakaa kitako, habari yake inasimuliwa mpaka siku ya maziko yake, kama atapata wa kumzika. Sasa mimi nimekuja na king'ora, nimekifunga juu ya boila kabisa, kinalia *njoo, njoo*, halafu nategemea watu wakimbilie upande mwingine.

Jioni nilimkuta mama nyumbani anapara samaki. Nikakaa karibu naye kwenye kigoda.

"Mama, king'ora kikilia siku nyingine, usiende boila."

"Kuna ntu kule."

"Yupo, na amefundishwa. Moto wa maganda hauzimwi kwa maji. Ukiumwagia unakurukia wewe. Utaungua, mama."

Aliendelea kupara. Magamba yalimrukia mikononi, yakang'aa kidogo.

"Ntu analia, mie nikakae nchangani nihesabiwe kama mbuzi?"

"Ndiyo."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Miguu haitakubali," alisema, bila ukali wowote, kama anayenieleza kwamba chumvi imekwisha.

Niliogopa. Nilimjua. Kama moto ungezuka kesho yake, mama yangu angekuwa mtu wa kwanza kuufikia, na ndoo ya maji mkononi, na hakuna karatasi ingemzuia. Usiku nilimsikia anavyopumua upande wa pili wa pazia na kila pumzi niliihofia.

Msimu wa kuvuna mpunga tulienda Mahurunga kuangalia shamba. Asubuhi ya kwanza niliamka kabla ya jua, nikaenda mpaka ukingoni, nikasimama palepale nilipokuwa nikisimama. Ukungu ulikuwa umejaa, mweupe, mzito, na mto haukuonekana, ila ulisikika. Katikati yake mwanamke alikuwa anamwita mwanawe. "Weee! Njoo huku weee!" Sikumwona mwanamke wala mtoto. Baada ya kitambo nikaona kichwa kidogo kinaelea juu ya mpunga, kinakwenda, kinapotea, kinatokea tena, kimenyooka moja kwa moja kuelekea ile sauti. Mtoto hakuwa anaona anakokwenda. Hakuhitaji. Nilimtazama mpaka akafika, na nikaendelea kutazama hata baada ya kufika, na nadhani nilisimama pale muda mrefu, maana mama alikuja kunisukuma begani.

"Umeanza tena," akasema.

Nilikuwa nimepata jibu. Siku niliyorudi kazini niliingia kwa meneja hata salamu sikuimaliza.

"Bosi, king'ora kihame. Kitoke juu ya boila, kikae uwanjani. Na tuweke mtu wa kupiga yowe."

"Mtu wa kupiga nini?"

"Yowe. Asimame uwanjani, alie kutoka pale. Hawa hawawezi kukimbia sauti ya mtu anayelia. Basi alie mahali tunapotaka wafike."

Alivua miwani. Alifuta. "Nitawaambia nini Dar es Salaam? Kwamba kwenye mpango wa dharura tuna nafasi ya mpiga yowe?"

"Waambie ni king'ora cha akiba, umeme ukikatika."

Akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza namwona meno ya nyuma. King'ora kilihamishwa wiki ile ile.

Mpiga yowe nikamchagua mama. Sababu niliyoitoa mbele ya watu ilikuwa sauti yake, ambayo imewahi kuvuka mto na haina mpinzani, na kukaa kwake jirani na mlango. Sababu yangu mwenyewe kila mtu aliijua, na mama aliijua zaidi. Mpiga yowe ndiye anayetoka wa kwanza, na hatoki uwanjani mpaka mwisho. Alizungusha kisu mkononi.

"Na ntu wa boila?"

"Ana wenzake wawili waliofundishwa. Wana mchanga, wana mitungi. Wewe ukiacha kulia, hawa wenzako watageuka wamfuate, waungue wote. Kulia kwako ndiko kunamsaidia."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nitatoka baada yako."

Aliniangalia vizuri. Mpango ulisema msimamizi hutoka wa mwisho, akishahakikisha meza zote, chumba cha kubadilishia nguo na choo havina mtu. Mama hasomi sana, lakini mimi ananisoma.

"Baada yangu," akarudia, akaendelea kumenya.

Zoezi la pili lilinifanya nitamani kulia. Mama alisimama uwanjani, akaweka kiganja kando ya mdomo, akatoa yowe la Mahurunga, lile linaloanza chini na kupasuka juu. Wanawake walitoka mlangoni wakimfuata kana kwamba amewafunga kamba. Hata watu wa mtaani walikimbilia kwake, wakamzunguka na ndoo zao wakiuliza kuna nini, na hakuna aliyekanyaga karibu na boila. Mkaguzi alikuwapo. Aliuliza swali moja tu, yule mama ni nani.

"Mpiga yowe wetu," meneja alijibu, kwa majivuno ambayo sikuyategemea.

Moto wenyewe ulikuja msimu wa korosho umepamba moto kweli, baada ya swala ya adhuhuri. Wengine walikuwa ndio wanarudi mezani, nyuso bado zina maji ya udhu. Nilikuwa dirishani. Niliona moshi mwembamba wa rangi ya chai ukitoka ghala la maganda, na aibu yangu ni kwamba kwanza niliuona mzuri. Kisha mwendesha boila akapiga kelele, king'ora kikalia, na mama akapita mbele yangu ameshika pindo la kanga, hakuangalia kulia wala kushoto. Komeo likainuka. Mara yowe likaanza.

Waliondoka wote. Visu vilibaki mezani vimepangwa, nakumbuka hilo, kila kimoja kando ya rundo lake. Nilipita meza ya kwanza mpaka ya mwisho, nikiinama kuangalia chini. Nikaingia chumba cha kubadilishia nguo, kanga zilikuwa zimening'inia kimya. Nikafungua choo, hamna mtu. Nilipogeuka kurudi, upepo ulikuwa umegeuka pia. Moshi uliingia kwa matundu ya mabomba ya mvuke na madirisha kwa pamoja, ukajaa chumba kutoka juu kwenda chini, na umeme ulikuwa umekatwa kama mpango ulivyosema ukatwe. Moshi wa maganda ya korosho unachoma macho kuliko pilipili. Nikayafumba. Nikashika ukingo wa meza, nikaufuata, ukaisha, na baada ya hapo sikujua mlango uko wapi.

Nilipaswa kutambaa. Semina ilisema tambaa. Nilikaa chini nikasahau kutambaa. Kikohozi kilinichosha, kikaacha, na ukaja utulivu ambao mpaka leo nauogopa kuliko moto. Niliyafumbua macho kidogo nikaona weupe tu. Nikaona ni ukungu. Niliwaona watu wa mpunga wakielea, nusu nusu, na miguu yangu ilikuwa na baridi ya maji ya jaruba, na hakukuwa na haraka yoyote. Kwa mbali yowe lilikuwa linaendelea, nikalisikia, nikaliona zuri.

Kisha yowe likabadilika. Likaacha kuwa la watu wote.

"Weee! Mwanangu weee! Njoo huku weee!"

Nilikaa. Nasema ukweli, mara ya kwanza nilikaa. Akaita tena. Hakuongeza hasira, alivuta tu ile *weee* ikawa ndefu zaidi, kama alivyofanya kila asubuhi ya utoto wangu. Mara ya pili nikageuza uso upande ilikotoka. Mara ya tatu nikaenda, kwa magoti na viganja, sioni kitu, nimenyooka moja kwa moja kuelekea kwake. Kichwa changu kiligonga mguu wa meza, nikaupita. Sauti ikaniita tena. Nikahisi mchanga wa moto chini ya viganja, na jua mgongoni, na mikono ya mlinzi kwapani.

Mwendesha boila na wenzake waliudhibiti moto kwa mchanga mpaka zimamoto wakafika. Ghala liliungua na sehemu ya paa ikaanguka. Mtu hakuungua hata mmoja.

Mama hakunikimbilia. Hata nilipoonekana mlangoni aliendelea kuita, mpaka nikavuka mizani, mpaka nikafika na kumgusa. Ndipo akanyamaza. Alivua kanga ya begani akanifuta uso, macho, pua, kwa nguvu, kama mtu anayesugua sufuria. Alipojaribu kusema, sauti haikuwepo. Ulikuwa mnong'ono tu, umekwaruzika.

"Tangu ukiwa ntoto nakuita," alisema. "Hujawahi kuja mara ya kwanza."

"Nimekuja, mama."

"Nani alipanga uwe wa mwisho?"

"Mimi. Lazima awepo mtu wa mwisho."

Alifikiri. Meneja alikuwa amesimama pale karibu, shati limetoka nje ya suruali. Alikuwa ametoka ofisini mapema, kwa mlango wa mbele, kama mpango ulivyomruhusu. Mama akamgeukia, akampigia goti dogo la heshima kama anavyowapigia wakubwa wote.

"Bosi wangu, shikamoo. Kiwanda hiki cha nani?"

"Kiko chini yangu, mama."

"Na moto ule ulikuwa wa kiwanda?"

"Ndiyo."

"Basi wa mwisho kutoka uwe wewe."

Niliona aibu, nikamvuta mkono. Meneja akasema, "Mwache." Akasema tena, taratibu zaidi, kwamba mama amesema kweli.

Wenzake waliniambia baadaye jinsi ilivyokuwa. Kwamba watu walipotimia uwanjani akaona mimi sipo, aliutazama mlango, akaanza kuniita mimi. Kwamba walidhani ataacha kuita na kuingia, nao walikuwa tayari kumfuata, wote, na ndoo zao. Nilisikiliza lakini sikuona picha. Niliona tu kwamba aliitii kazi niliyompa, na kwamba ile kazi ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani nilipoigawa.

Paa lilipotengenezwa tukafanya zoezi jingine. Sauti ya mama haikurudi kama zamani. Ina ufa katikati, lakini alikataa kumpisha mtu. Safari hii mimi nilitoka pamoja na wanawake wangu, nikasimama kando yake. Meneja ndiye aliyebaki ndani kuangalia meza, chumba cha nguo na choo. Alikuwa anachelewa. Hakukuwa na moto, hakukuwa na moshi, kila mtu alijua ni mazoezi, na wengine walikwishaanza kutaniana kwamba bosi amelala. Mama hakutania. Alikuwa anamwita, macho kwenye mlango.

Hapo ndipo nikatazama chini. Miguu yake ilikuwa inakanyaga, kulia, kushoto, kulia, kushoto, haraka, visigino vikichimba mchanga, bila kwenda mbele hata kidogo. Mashimo mawili yalikuwa yamejitengeneza chini yake. Meneja akatokea mlangoni, miguu ikatulia, na mama akainama akafukia mashimo yale kwa kiganja kabla hatujaanza kuhesabiwa.